Ndunda Aliyeuza Maji kwa Kanuni

Upande wa Mwala kuna mto ambao mwaka mzima ni mchanga, isipokuwa zile wiki chache za mvua unapojifanya mto kweli. Katika mchanga huo ndimo Ndunda alimopatia riziki yake miaka kumi na tisa. Alfajiri alishuka na punda wake wawili, akafukua shimo, akangoja maji yachuje taratibu, akajaza mitungi kumi na miwili na kuipandisha kijijini kwa mkokoteni. Wenye nguvu za kushuka wenyewe walishuka. Waliobaki, yaani karibu kijiji kizima, walimngoja Ndunda.

Walichongoja ni maji. Kanuni zilikuja kama nyongeza. Ndunda aliishia darasa la sita, lakini alikuwa mtu wa kutazama, na aliyoyaona duniani aliyafupisha akayaandika kwa rangi nyeupe kwenye mbao za mkokoteni. "Jaza mtungi hadi shingoni." "Usiseme uongo, hata kwa punda." "Usikose mwethya," yaani ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe, na asiyekuja hutozwa debe la mahindi. "Kabla ya kulaumu serikali, zibua mtaro wako." Na ile aliyoipenda kuliko zote, maana kujifunza kwake kulimgharimu jino, alipojitia katika kesi ya shamba isiyomhusu: "Usiseme kabla hujaulizwa."

Vijana walimwita Katiba. "Katiba amepita?" waliulizana, na aliyeulizwa alijua ni maji yanayotafutwa. Ndunda hakuchukia. Alipokuwa akimimina, alimweleza mteja kanuni moja kwa utaratibu, na mteja alisikiliza mpaka tone la mwisho, kwa sababu mtu mwenye kiu ni msikivu sana. Ndunda aliuchukua usikivu huo kuwa ni dalili kwamba jamii inabadilika.

Kumbe ilikuwa inabadilika kweli.

Jumapili moja baada ya ibada, Kalondu, mama mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha mwethya, aliwaketisha watu nje ya kanisa.

"Huyu mzee wetu Ndunda," akasema, "kila siku anatupitishia maneno hapa. Kabla ya kulaumu serikali, zibua mtaro wako. Mimi nimeyasoma hayo maneno mpaka yakaniingia. Tumelalamikia maji tangu tuzaliwe. Sasa tumepata watu wa kutupatia saruji. Mawe ni yetu, mikono ni yetu. Tunajenga bwawa la mchanga."

Akaeleza, kwa wasiojua, kwamba ni ukuta wa mawe unaokatiza mto. Mvua ikija mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga jua lisiyafikie. Paipu inatoka chini ya ukuta. Unafungua, unakinga.

"Na hakuna mtu atanunua maji tena," akamalizia. "Mpigieni Ndunda makofi, ndiye alitufungua macho."

Watu wakapiga makofi. Ndunda naye akapiga. Ungemwona, ungesema ni mtu aliyealikwa kwenye matanga akagundua ni yake.

Siku ya tatu alikuja kijana aliyetumwa na wale watu wa saruji, Festus, na buti mpya na chuma kirefu cha kudungia mchanga. Ukuta wa namna hiyo lazima ukalie mwamba. Ukikalia mchanga, maji yanapita chini yake yanaenda zake, na kijiji kinabaki na ukuta mzuri wa kupigia picha. Festus alidunga kwenye kivuko, mahali ambapo lori lingefika bila shida. Chuma kikagonga kitu kigumu. Akadunga hatua mbili pembeni, kikagonga tena. Akatabasamu, akapigilia kigingi.

Ndunda alikuwa hatua kumi kutoka hapo, akijaza mitungi. Alijua Festus amegonga nini. Lilikuwa jiwe moja, kubwa kama ng'ombe aliyelala, limezikwa na mafuriko ya zamani. Mwaka wa kiangazi kile kibaya Ndunda alichimba kando yake urefu wa watu wawili, na chini yake akakuta mchanga, na chini ya mchanga, mchanga. Mwamba wenyewe ulikuwa kwenye kona ya mto, hatua mia mbili kufuata maji yanakoteremkia, ukingo hadi ukingo. Sepetu yake iliugonga kila Septemba.

Alifungua mdomo. Kisha akageuka, akasoma ubao wa mkokoteni wake. *Usiseme kabla hujaulizwa.* Akaufunga. Hakuna aliyemuuliza. Alipanda kilima mwepesi kama aliyetoka kuungama, na siku hiyo alijaza mitungi ya watu hadi ikamwagika.

Usiku hakuweza kukaa nalo. Akamwambia mkewe, Kanini.

"Ati wanajenga juu ya jiwe?" Kanini akaacha kupepeta maharagwe. "Na wewe umenyamaza?"

"Sijaulizwa."

"Basi mimi nakuuliza."

"Wewe si kamati, Mama Tracy."

"Hiyo kanuni, uliandika wewe ama iliteremka mlimani?"

"Niliandika mimi."

"Na rangi ya kuifutia imebaki?"

Kanini akaendelea kupepeta. "Sema tu uko na hofu, Baba Tracy. Mimi pia niko nayo. Hao punda ndio wametusomeshea Tracy mpaka akapata kazi kule Kinanie. Lakini usiniletee mbao hapa."

"Kijana akiniuliza, nitasema. Siwezi danganya."

"Haya. Tutaona."

Wiki mbili zilizofuata Ndunda aliishi maisha ya mtu mkweli anayeogopa swali. Alishuka mtoni mapema zaidi, akapandia njia ya nyuma yenye miiba. Kijiji kilikuwa kikibeba mawe kuyapeleka kivukoni, naye aliyabeba pia kwa mkokoteni wake, kwa kuwa hiyo nayo ni kanuni. Alimwaga mawe haraka akageuza punda kabla Festus hajainua kichwa. Mara moja tu walikutana uso kwa uso.

"Mzee, shikamoo. Nasikia wewe ndiye unaujua huu mto. Nilitaka kukuuli—"

Ndunda akawachapa punda. Katika miaka kumi na tisa hakuwa amewachapa. Waliruka kwa mshangao zaidi ya maumivu, mkokoteni ukapaa, na swali likabaki nyuma kwenye vumbi. Jioni aliwapa punda maganda ya ndizi, lakini hawakumtazama.

Ikafika siku ya kuchimba msingi. Watu walikuwa zaidi ya themanini, majembe mabegani, na sufuria tatu za isyo, mahindi na maharagwe, zikitokota kando. Kalondu akainua mkono.

"Hatuanzi bila Mungu. Na leo nani atuombee kama si mwenye mitaro yake? Ndunda, tuombee."

Vichwa vikainama. Ndunda alivua kofia. Alianza vizuri, kwa shukrani ya uzima, majembe na saruji. Kisha akafanya kosa la kufungua macho akiwa katikati ya maombi. Mbele yake alisimama bibi Kalunde, wa miaka themanini na kitu, ambaye mwethya ilimsamehe zamani. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu zote. Kwenye leso yake, amelifunga kama anavyofungwa mtoto mgongoni, alikuwa ameleta jiwe moja.

Sauti ya Ndunda ilikwama. Watu wakadhani ni Roho.

"Baba," akasema, "wewe hujaniuliza. Lakini wewe huulizi, unajua. Unajua hapa chini hakuna mwamba. Kuna jiwe moja limelala kama ng'ombe. Nimechimba kando yake, ukaniona, urefu wa watu wawili, ni mchanga tu. Unajua mwamba uko kwenye kona, chini ya shamba la Mumo, unavuka mto wote. Wape kamati macho. Na mimi unisamehe, nilitaka wajenge hapa, waendelee kunihitaji. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Themanini na zaidi walikuwa wamefumbua macho mmoja mmoja, isipokuwa bibi Kalunde, aliyekuwa akingoja sehemu ya kuombea wagonjwa.

"Amina," akasema mwishowe Mumo, yule mwenye shamba, kwa sababu alikuwa ametajwa.

Festus alichukua chuma chake akaenda konani. Wakamtazama akidunga, akihama, akidunga. Mara kumi na nne, ukingo hadi ukingo. Aliporudi, jasho lilikuwa likimtiririka, kwa jua au kwa kitu kingine.

"Ni mwamba," akasema.

Hapo ndipo mtu angetarajia Ndunda abebwe juu juu. Kalondu alimwendea, mikono kiunoni.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Wiki mbili. Mgongo wangu huu umebeba mawe wiki mbili mpaka hapa, wewe ukipita ukitusalimia vizuri vizuri."

"Hakuna mtu aliniuliza, mwaitu, mama yangu."

"Nitakuuliza sasa. Haya mawe yatafika kule na nini?"

Yalifika kule kwa mkokoteni wa Ndunda. Ilimchukua siku tisa, tangu asubuhi hadi jioni, bila malipo, na katika siku hizo tisa kijiji kilikosa maji ya kununua, kikamlaumu kwa hilo pia. Hakuna aliyesema asante. Wengine walisema, akisikia, kwamba mtu wa kanuni nyingi hivyo lazima alikuwa anaficha kitu. Kanini peke yake ndiye aliyemletea uji mtoni, akamkabidhi kibuyu, akarudi nyumbani bila kusema lolote. Kwa Kanini hiyo ilikuwa hotuba.

Ukuta ulikamilika. Mvua za Novemba zikaleta mchanga, za Aprili zikaongeza, na Agosti, mwezi ambao zamani koo la kijiji lilikuwa mikononi mwa Ndunda, paipu ilifunguliwa ikatoa maji baridi, safi, bila kanuni hata moja. Watoto waliyachezea. Bibi Kalunde alikinga kibuyu chake mwenyewe. Ndunda alitembeza mkokoteni siku mbili kwa mazoea, na siku ya tatu hakuutoa.

Kikundi kikaitisha mkutano wa kulinda maji. Ndunda alichaguliwa kusimamia usafi wa bwawa, bila kupingwa. Kalondu alisema wanahitaji mtu ambaye hata akijaribu kuficha jambo, linamtoka. Sheria ya kwanza ilikuwa wazi, na hakukuwa na haja ya kubishana: kinyesi kikiingia mchangani, watoto wataugua. Mnyama yeyote, awe ng'ombe, mbuzi au punda, asikaribie bwawa hatua mia.

"Punda pia?" akauliza Mumo, akimtazama Ndunda kwa huruma kidogo na furaha kiasi.

"Msimamizi aseme," akajibu Kalondu. "Leo tunakuuliza mapema."

Ndunda aliwaza punda wake, waliozoea kunywa wenyewe mtoni tangu walipokuwa wana.

"Hasa punda," akasema, na akainua mkono.

Sasa, jioni za kiangazi, ukipita njia hiyo utamkuta akipanda kilima na mitungi miwili, mmoja kila upande wa mti alioulalisha begani. Mumo alimkuta juzi.

"Katiba, hayo unauza?"

"Yako na wenyewe."

"Nani huyo tajiri?"

"Wale wawili kwa boma."

Mumo alicheka mpaka akakaa chini kando ya njia. Ndunda hakusimama, mti ule ukiutua, kuunyanyua tena ni kazi. Bomani aliwamiminia punda kwenye karai. Wakanywa bila kupumzika, mtungi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, kisha wakainua midomo inayodondoka maji wakamtazama. Miaka yote hiyo hakuwa amejua punda mmoja hunywa kiasi gani. Aliokota mitungi, akashika njia ya kurudi mtoni.