Fainali ya Mabwerebwere na Filimbi Yangu

Kilichonitoa Mikumi ni simu ya shangazi Merina. "Agnes, Jumapili Mabwerebwere wanacheza fainali na Magole, na refa wamekuchagua wewe." Nilidhani ananitania. Kocha wa Mabwerebwere ni baba yangu, Mzee Petro. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wapinzani wake penalti mechi ikiwa inaisha, wakamfunga. Siku ile aliniambia mbele za watu, "Kwangu usikanyage." Sikukanyaga tena.

Asubuhi ya Jumapili nilipanda gari la abiria, Noah ya Kilosa. Kufika kijiji cha Ulaya nilikuwa mwekundu kwa vumbi. Abiria wenzangu walizungumzia bei ya ufuta. Mimi nilikuwa nikiwaza nitamwamkiaje baba.

Kilosa nilimkuta uwanjani, anamwaga chokaa kwenye mistari. Amekonda, na goti la kulia halikunjiki vizuri.

"Shikamoo, baba."

Alimaliza mstari kwanza. "Marahaba. Goli la chini pana mashimo, angalia usiteguke."

"Nani alinichagua?"

"Mimi. Magole walimkataa refa wetu, sisi tukamkataa wao. Nikawaambia, mleteni Agnes. Huyo hata babake hamwonei haya."

Nikaenda kubadilisha nguo.

Mchana mpira ulichezwa kwa nguvu. Magole walitangulia kwa bao moja. Zikiwa zimebaki dakika chache, mshambuliaji wa Mabwerebwere alianguka kwenye boksi. Uwanja mzima ulipiga kelele, "Penalti!" Nilikuwa karibu, hakuna aliyemgusa. Nikaashiria mpira uendelee.

Nilipopuliza filimbi ya mwisho, vijana wa baba walinizunguka. Mmoja alinikamata jezi. Ndipo nikamwona baba anachechemea kuja, anawapangua kwa mikono.

"Mwacheni! Kajiangusha mwenyewe. Hata mimi nimeona."

Waliniachia. Baba akaweka mkono begani kwangu, tukasimama hivyo mpaka watu wakatawanyika. Nilifikiri ananikinga, kumbe na yeye goti lilimshinda, alihitaji pa kuegemea.

Jioni shangazi alitupikia ugali na kuku. Nikapata ujasiri. "Na ile penalti ya zamani, baba?"

Alitafuna polepole. "Ilikuwa penalti. Beki wangu alishika mpira. Nilijua siku ileile."

"Sasa mbona ulinifukuza?"

"Watu walinicheka, nikapandwa na hasira. Zilipoisha, sikujua pa kuanzia." Aliweka tonge chini. "Nisamehe, mwanangu."

Nilimwongezea mchuzi, maana machozi yalikuwa karibu kunitoka.

Kesho yake alinisindikiza stendi, begi kang'ang'ania kulibeba yeye. "Jumamosi unachezesha wapi?"

"Mikumi, wasichana wa sekondari."

"Nitakuja. Niwekee kiti cha kuegemea."

Miaka yote nilidhani baba ananingoja nikiri kosa. Sikujua kwamba mzee naye huona aibu, na aibu yake huchelewa kusema. Nimerudi Mikumi jana. Kiti nimeshaazima kwa jirani.