Magamba ya Baba na Shangazi

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Kagongwa. Magamba meupe yalimwanza viwikoni, yakaenea magotini, yakamfika kichwani. Wateja wakahamia kwa jirani wakidai mchele wa pale una ukoma, na mwenye mashine akamwambia akapumzike nyumbani.

Mganga alisema aliyemroga ni dada yake. Shangazi alikuwa mjane, akiishi peke yake, macho mekundu kwa moshi. Kwa watu wetu hiyo ilitosha. Baba zangu wadogo walimfukuza mchana kweupe. Baba naye akaogeshwa dawa ya magome iliyomchoma mwili mzima. Ngozi ikawa nyekundu, ikabanduka, na akawa anatetemeka kwa baridi huku jua linawaka. Alikufa kabla ya mavuno.

Mimi nilishakuwa mtu mzima, nauza vitenge Geita, karibu na machimbo, nilipougua koo. Koo lilipopoa, magamba yakatokea viwikoni. Nikaenda hospitali nikiwa nimejifunika khanga.

Daktari alizitazama kucha zangu zilizotoboka-toboka. "Nyumbani kwenu kuna mwingine?"

"Baba. Alirogwa."

Hakucheka. "Huu unaitwa soriasisi. Hauambukizi. Kinga ya mwili wako inaishambulia ngozi yako yenyewe, ikidhani ni adui. Kuna vinasaba vinavyofanya kinga iwe nyepesi kuchokozeka hivyo. Huenda umevirithi kwa baba. Si kila anayevirithi huugua. Wewe pengine umeamshiwa na koo."

"Dawa?"

"Ya kuutuliza ipo. Ya kuumaliza, hakuna."

Nililia pale pale, lakini si kwa ajili ya ngozi.

Nilimuulizia shangazi mpaka nikampata Maganzo, akiuza karanga kando ya barabara.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakunikaribisha kukaa.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akafungua kilemba. Kwenye mizizi ya mvi zake magamba yalikuwa yamejaa.

"Ninayo tangu usichana. Niliwaonyesha baba zako. Nikawaambia, tazameni, mimi na kaka yangu tunaumwa kitu kimoja, ningejirogaje? Wakasema huo ndio ushahidi."

"Turudi nyumbani. Nitawaeleza alivyosema daktari."

"Shamba langu analima nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Analilima baba mdogo, mmoja wa wale waliomfukuza.

Akafunga kilemba chake, akamgeukia mteja.

Nilimpigia baba mdogo simu nikiwa stendi. Nikamweleza habari ya kinga na vinasaba, polepole, kwa Kisukuma, ili asipotelewe na neno. Aliniacha nimalize, nikadhani amenielewa.

"Na wewe," akasema, "shangazi yako amekufundisha lini huo uchawi?"

Tangu hapo, nikienda msibani Kagongwa, wake wa baba zangu wadogo hawagusi chakula nilichopika.