Wadudu wa Gego Langu

Sisi tuliokulia Majimoto miaka ya sabini, dawa ya meno ya kukamua tuliiona dukani tu. Tulisugua meno kwa kijiti kilichotafunwa ncha na mkaa uliosagwa, kisha tukachekana midomo myeusi njia nzima hadi shuleni. Muwa tuliumenya kwa meno, asali tukaitafuna na masega yake. Mama alifoka, "Nyie endeleeni tu, mtabaki na ufizi kama watoto wachanga!" Tulimcheka.

Mimi nilikuwa bingwa wa vigelegele. Dada yangu Skola alipochumbiwa, aliniambia kwamba siku ya kutoka kanisani hataki kigelegele cha mtu yeyote kianze kabla ya changu. Nilikuwa darasa la nne, na heshima ile ilinivimbisha kichwa. Jumatano ya wiki ya harusi, shavu nalo likavimba kama andazi. Nililia, lakini si kwa maumivu peke yake. Nilimwona binti wa shangazi akijifua kuchukua nafasi yangu.

Nikapelekwa kwa jirani yetu Bibi Tekla, aliyesifika kwa kutoa wadudu wa meno. Aliweka kigae cha moto katikati ya bakuli la maji, akanyunyizia mbegu za ndulele, yale matunda ya manjano ya porini, akafunika kwa kibuyu chenye tundu. Niliachama juu ya tundu, moshi ukaingia, mbegu zikapasuka paa! paa! Alipofunua, vidudu vyeupe vilivyojikunja vilielea majini. Wanawake wote wakaguna. Nilivitia kwenye kiberiti kitupu, nikavitembeza kijiji kizima.

Ijumaa jicho lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Baba akanipakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Nilimwonyesha daktari kiberiti changu, nikamwambia nashangaa jino bado linauma na wadudu wameshatoka. Alicheka hadi akavua miwani. Akachuma ndulele kwenye ua wa zahanati, akapasua mbegu moja kwa wembe. Ndani alijikunja yuleyule mdudu wangu. Kumbe ni kiini cha mbegu!

"Wadudu wapo kweli, binti," alisema, "ila ni wadogo mno, macho hayawaoni. Wamejenga kijiji cha ujamaa kwenye jino lako, wamejipanga nyumba kwa nyumba. Sasa wamechimba hadi kwenye mzizi, ndiyo maana kuna usaha. Hao moshi hauwahamishi."

Siku zile malori yalikuwa yakihamisha watu kwenda vijiji vipya, kwa hiyo nilimwelewa mara moja. Alichoma sindano ya ganzi, akashika koleo, na gego likatoka na mizizi yake yote.

Jumamosi, Skola alitokea mlangoni mwa kanisa, kichwa kimeinama kama bibi harusi alivyotakiwa. Nilitema pamba, nikapiga kigelegele. Kilitoka na mluzi wa ajabu kwenye pengo. Skola akaangua kicheko mbele ya padri, mashangazi wakamfinya. Nilifurahi mno.

Bibi Tekla akapenya umati, akanishika kidevu. "Mnaona?" aliwatangazia watu. "Si niliwaambia? Wale wadudu walitoka wote!"

Watu walinitazama mimi. Mbegu iliyopasuliwa bado ilikuwa machoni pangu.

"Walitoka wote, bibi," nikasema.

Wajukuu zangu, wenye miswaki ya betri na dawa yenye ladha ya stroberi, wangefungua simu palepale wamsomee bibi wa watu mbele ya harusi nzima. Na wangekuwa sahihi. Ila hawakuwahi kulala mapajani kwake kama nilivyolala mimi baada ya ule moshi, mkono wake mgumu ukipapasa shavu linalochoma, akinibembeleza kwa Kipimbwe hadi nikasinzia. Namkumbuka sana. Daktari wangu wa sasa pale Mpanda ananionyesha picha ya mzizi wa jino kwenye kioo cha kompyuta, wala hajawahi kunidanganya hata siku moja. Akimaliza, anaita anayefuata.