Maji Aliyokunywa Mama Mkwe

Watu walimwita Koki kwa sababu hapakuwa na koki iliyowahi kumshinda. Bomba likipasuka, sinki likiziba, tangi la juu ya paa likilowesha dari ya mtu, aliitwa yeye. Aliingia na mkoba wake wa spana, akaweka sikio ukutani kama daktari anayesikiliza kifua, halafu akasema, "Mgonjwa yuko hapa." Na kweli mgonjwa alikuwa hapo. Mdomo wake nao haukuwa na vali. Akifunua tangi chafu la mteja, alimwita mwenye nyumba aje ajionee: "Dada, mnakunywa supu ya vyura humu!" Watu walicheka, wakaona haya, na tangi likaoshwa siku hiyohiyo.

Mke wake alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache. Walizaa mapacha wa kike, kwa hiyo yeye akawa Mama Mapacha, na Koki, akiwa nyumbani, akawa Baba Mapacha.

Mapacha walipoingia sekondari, Koki alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate ya kiwanda kilichofungwa. Majirani walidhani amerukwa na akili. Lakini kidogo kidogo, kila Jumapili, alilifanya nyumba. Alipiga mbao za vitanda, akafunga jiko dogo la gesi, akaweka sinki lisilozidi bakuli la kuchanganyia unga. Chini ya kitanda kikubwa aliweka tangi la plastiki na pampu ndogo. Ukifungua koki, pampu inaunguruma kama paka aliyeshiba, na maji yanatoka. Mke wake, aliyekuwa akiguna mwanzoni, baada ya safari ya kwanza ndiye aliyeuliza, "Tunakwenda wapi tena?"

Gari la namna hiyo lina adabu yake, na Koki aliijua kuliko mtu yeyote. Mkirudi safari, maji yote humwagwa. Unafungua kizibo cha chini ya tangi, unafungua koki zote, unaiacha pampu ivute mpaka ianze kukohoa upepo, halafu unaacha kifuniko wazi ili ndani mkauke. Kabla ya safari inayofuata unajaza maji yenye dawa ya klorini, unayapitisha kila bomba mpaka harufu ya dawa ifike kwenye koki, unayaacha yalale humo, unayamwaga, unasuuza mpaka harufu iishe, na chujio unaweka jipya. Si kazi ngumu. Inachosha tu kwa sababu haionekani. Hakuna anayekusifu kwa tangi kavu.

Safari za mwanzo alifanya yote hayo bila kukosea. Baadaye akaanza kuruka moja, kisha mbili. Kinyozi hajinyoi. Akirudi jioni mikono inanuka mifereji ya watu, hakutaka kuona bomba jingine. Msimu mmoja wa joto, gari lilikaa nyuma ya nyumba, ubavu wake ukipigwa jua kutwa, na tangi likiwa nusu.

Msimu huohuo ndipo mama mkwe alipokubali kusafiri nao.

Mama huyu alikuwa matroni wa shule ya bweni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na blauzi zake nyeupe zilipigwa pasi hadi kwenye vifungo. Wasichana aliowalea walisema alikuwa anaweza kunusa soksi chafu kutoka kwenye ngazi. Tangu gari litengenezwe, kila akikaribishwa alijibu, "Mimi si mkate." Koki alikuwa anampenda na kumwogopa kwa kipimo kilekile, na siku aliposema, "Haya, nitakwenda nione hilo ziwa lenu," alifurahi kama mtoto aliyesifiwa darasani.

Siku moja kabla ya kuondoka, mke wake alikuwa anapanga mashuka. "Baba Mapacha, tangi umeliosha?"

Koki alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, mpira uko kwenye televisheni. "Nimeshaosha."

Alichokuwa amefanya ni kutia mpira wa maji kwenye mdomo wa tangi na kulijaza mpaka likafurika, juu ya yale ya zamani.

Njiani joto lilikuwa kali. Mama Mapacha alikinga maji kwenye glasi, akanusa, akakunja uso. "Yana harufu haya."

"Ni mpira mpya," alisema Koki akiwa kwenye usukani. "Mpira mpya hunuka." Mpira ulikuwa wa zamani kama gari lenyewe.

Mapacha walikuwa na soda zao. Koki na mke wake walikunywa chai iliyochemshwa. Mama mkwe hapendi soda, na chai kwenye joto alisema ni adhabu. Aliipokea ile glasi, akanywa yote, akaomba nyingine. "Maji ya kwa fundi hayana wasiwasi," alisema, akamgusa mkwewe begani. Koki alilisikia lile guso begani muda mrefu. Alijiambia maji ni maji tu.

Ziwani walikaa vizuri. Mama mkwe alivua viatu, akatembea ukingoni na wajukuu, akacheka. Siku ya kurudi, asubuhi, walipokuwa katikati ya barabara inayojengwa, malori mbele na nyuma, kifusi pande zote mbili, alisema kwa sauti ndogo, "Simamisha gari."

"Hapa hapasimamiki, Mama. Vumilia kidogo tu."

"Mwanangu, simamisha."

Alipopata pahali pa kuegesha, walikuwa wameshachelewa.

Wapeni watu wazima stara yao. Sitasimulia zaidi ya hapo. Mapacha walishushwa wakaambiwa watazame upande wa pili. Mama Mapacha alifunga mlango na pazia, akamwosha mama yake kwa maji yaleyale ya tangi, maana hayakuwepo mengine. Koki alisimama nje akiyatazama matairi, akiisikia pampu ikiunguruma.

Mama mkwe alipotoka alikuwa amejifunga shuka la kitanda, kichwa wazi, macho chini. Koki hakuwahi kumwona bila kilemba. Alionekana mdogo. Akaja mpaka mbele yake.

"Mwanangu, nisamehe. Nimekuchafulia gari lako. Mwili huu umezeeka, hauniheshimu tena."

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Neno lilimfika kooni likageuka lingine.

"Usijali, Mama. Nimekusamehe. Uzee ni uzee."

Kliniki ilimweka siku chache kwa dripu. Daktari aliuliza walikunywa maji gani safarini, na Koki akawahi kujibu, "Ya bomba, safi kabisa." Mama mkwe akatikisa kichwa kumuunga mkono.

Alipona tumbo, lakini hakurudi kuwa yeye. Aliacha kutembelea watu. Akialikwa chakula, alikuwa na sababu. Kisha wasichana wake wa zamani wa bweni, ambao sasa ni wauguzi, mahakimu, wafanyabiashara na mama wa watu, walipanga kukutana shuleni kumshukuru. Walimpigia simu Mama Mapacha kwa shangwe, wakamwambia hata rangi ya mapambo. Mama mkwe alikataa.

"Anasema mtu asiyeweza kujizuia hakai mbele za watu," Mama Mapacha alimwambia mume wake, sindano mkononi, nguo ya mteja imemwangukia miguuni. "Mama yangu! Aliyekuwa anasimama mbele ya wasichana mia nne!" Akalia. Hakuwa mtu wa kulia.

Koki alitoka akaenda nyuma ya nyumba. Aliingia chini ya gari na beseni la kufulia, akafungua kizibo. Maji yalitoka ya kijani kibichi, kisha yakafuata mapande ya utando, laini, yenye kuteleza, kama ngozi ya maziwa yaliyochacha. Akafungua chujio, lilikuwa limevaa ute mweusi. Harufu ilimfanya ageuze uso. Na alipougeuza, aliiona miguu ya mke wake.

Mama Mapacha alichutama akatazama ndani ya beseni kwa muda.

"Hili ndilo tangi ulilosema umeliosha?"

"Nilikuwa nimechoka siku ile."

"Nyumba za watu unawaambia wanakunywa supu ya vyura." Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma zaidi. "Wa kwako ukampa nini?"

Koki alikuwa bado amelala chali chini ya gari, maji yakimwingia kwenye mkono wa shati. Hakuna namna mtu aliyelala chini ya gari anaweza kujitetea. "Utamwambia?" aliuliza.

"Mimi? Mdomo unao. Afadhali lawama kuliko fedheha, na yeye fedheha ameibeba peke yake vya kutosha."

Koki alikwenda kwa mama mkwe alasiri ileile, bila kubadilisha shati. Alimkuta sebuleni anakunja nguo. "Karibu, baba. Mbona peke yako? Kuna habari mbaya?"

"Hapana, Mama. Ndiyo, Mama." Alikaa ukingoni mwa kiti. Mtu yule wa maneno mengi aliyatafuta maneno kama anatafuta nati iliyodondokea kwenye mchanga. "Tumbo lako halikuwa na kosa. Wala uzee. Ni maji. Sikuosha tangi. Yalikuwa yamekaa humo tangu safari ya nyuma, nikaongeza juu yake."

Mikono ya mama mkwe ikasimama. "Mke wako aliniambia umeosha."

"Nilimdanganya."

"Na daktari?"

"Naye pia."

Aliiweka blauzi juu ya zile nyingine, akailaza vizuri. "Siku ile barabarani nilikuja mbele yako nimejifunga shuka. Nikakuomba radhi."

"Ndiyo, Mama."

"Ukasemaje?"

Koki akatazama vidole vya miguu yake.

"Nakuuliza, ulisemaje?" Hiyo ilikuwa sauti ya bwenini, na Koki, mtu mzima mwenye mvi, alijikuta amesimama.

"Nilisema nimekusamehe."

"Ulinisamehe." Akalirudia neno kama anayeonja kitu kilichoharibika. "Kuumwa si kitu. Nimeumwa tangu nizaliwe. Lakini unajua mimi nikienda hapo dukani tu nabeba nguo za akiba kwenye mkoba? Hapo dukani! Kila nikitoka nyumbani naangalia choo cha watu kiko wapi kabla sijawaangalia watu wenyewe. Nimejifunza kuishi hivyo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Machozi yalimtoka Koki, akayafuta kwa shati lile lililolowa, uso ukabaki na doa la kijani. Mama mkwe aliliona, akafungua mdomo kana kwamba atamwambia akanawe, akaufunga.

"Nenda nyumbani," alisema. "Sikufukuzi. Nataka nikae peke yangu nifurahi kidogo kwamba mwili wangu ni mzima. Halafu nikukasirikie vizuri, bila haraka."

Alimkasirikia kweli. Kwa muda mrefu alizungumza naye kupitia kwa Mama Mapacha hata wakiwa chumba kimoja. Aliagiza Koki awaambie mapacha kwa kinywa chake mwenyewe, maana nao walikuwa wameona. Aliwaambia mezani. Mmoja alianza kucheka, akaacha. Mwingine alisema, "Bibi alilia kliniki, Baba. Alisema tusikuambie usije ukasikitika." Koki hakumaliza chakula chake.

Kwenye mkutano wa shule mama mkwe alikwenda, blauzi yake nyeupe kama karatasi. Koki ndiye aliyeendesha, kwa gari la kuazima. Alikaa mstari wa nyuma kabisa. Wanawake wale walisimama wote mama mkwe alipoingia, na wengine walificha kucha zao migongoni kwa mzaha, kama siku za ukaguzi wa bweni, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mama mkwe alipopewa kipaza sauti, Koki alitokwa jasho, akijua kwamba sentensi moja tu ingetosha. Lakini yeye aliwashukuru, akawatania, akaomba waendelee kuwa wasafi hata pale wasipotazamwa. Hakumtazama Koki alipolisema hilo. Hata angemtazama, Koki asingeinua macho.

Koki alitaka kuliuza gari. Mke wake alikataa. "Ukiuza utakuwa umelikimbia. Lioshe." Kwa hiyo aliosha. Alisugua tangi kwa brashi ya mpini mrefu, akatia klorini, akabadilisha kila kipande cha mpira, na pampu akaifungua mpaka ndani. Siku hizi, wakirudi safari, hata mizigo haijashushwa, kizibo kimeshafunguliwa. Nyumba za watu bado anakwenda. Wateja wanasema amekuwa mpole, wanadhani ni umri.

Mama mkwe amepanda gari lile mara moja tangu wakati ule, kwa safari fupi. Akija kwao nyumbani, Koki humpelekea maji yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, anasimama kando. Mama mkwe huinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, anaigeuza, anatazama bila haraka. Siku nyingine hunywa. Siku nyingine huiweka mezani akaendelea na mazungumzo, na Koki huichukua baadaye bila kuuliza.