Jioni Papa Alipochekesha Matanga Yake

Televisheni za zamani zilikuwa na harufu. Watoto wangu hawanielewi nikisema hivyo, lakini ile ya kwetu, mtaa wa Kasha kule Bagira, mjini Bukavu, ukiiwasha ilichukua muda kupata moto, na ilipopata moto ilinuka vumbi linaloungua na rangi ya mbao, na harufu hiyo ilitangulia picha. Sisi watoto tukiinusa tu, tulikimbilia mkeka. Papa aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja mgeni aliyekuwa akifunga duka lake ili arudi kwao, maana miaka ile ya Zaire wageni wengi walifunga maduka, na katika barabara yetu nzima hakukuwa na nyingine. Kwa hiyo ikifika jioni nyumba haikuwa yetu tena. Majirani walijaa sebuleni, watoto wa watu wakaning'inia madirishani, na Mama, mtu wa kisiwa cha Idjwi aliyelelewa kwamba huwezi kula huku mwenzako anakutazama, alichemsha mihogo ya kuwatosha wote huku akinung'unika kwamba kuolewa na mwalimu mwenye televisheni ni kuolewa na parokia nzima. Papa alicheka tu, akaongeza sauti.

Papa alikuwa Mlega wa Mwenga, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu mwenye uso usiotulia. Angeweza kukuigizia padri anavyopiga chafya katikati ya misa mpaka ukamwona padri mwenyewe. Alicheza michezo ya kuigiza parokiani kwa miaka mingi, na ule mwaka kituo cha televisheni cha mjini kilipoamua kutengeneza vichekesho vyake vya kwanza katika Kiswahili chetu wenyewe, Kiswahili cha "mutoto" na "muzee", si kile cha redio za pwani wala Kifaransa cha Kinshasa, walimchukua yeye awe Kasuku, karani mpiga domo anayekwepa kazi. Kiangazi kizima alirekodi, na kila jioni alirudi kutujaribishia maneno mezani. Tatizo la Papa, kama ni tatizo, ni kwamba alikuwa mwizi wa maneno. Hakubuni kitu. Alichukua kikohozi cha muuza duka, alichukua mwendo wa mkuu wa shule, na hatimaye akafika jikoni kwake, akamchukua Mama.

Mama alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, nayo ni majani ya mubirizi, yale machungu yanayoota kando ya kila ua Bukavu. Ukipata homa anachemsha, anakuja na kikombe, anasimama juu ya kichwa chako kama askari. Alikuwa na maneno yake ambayo barabara nzima iliyajua, kwa sababu aliyasema kwa sauti ya kuvuka ua: "Kunywa yote, ata mashapo usiache. Dawa haiko sukari." Jioni moja Papa alimsikia Mama akiniambia hayo mimi, akapiga paja, akasema hayo lazima yaingie katika kipande cha kwanza. Mama akamwambia athubutu tu, ataona. Lakini alikuwa anatabasamu, nilimwona. Mzaha mzaha, hutumbua usaha, walisema wakubwa, ila nani nyumbani kwetu alikuwa na haja ya methali wakati ule? Tulikuwa tunangoja kumwona Papa ndani ya kile kisanduku chetu wenyewe.

Hakuwahi kujiona. Mvua zilipoanza alirudi kutoka shuleni akitetemeka, meno yakigongana. Mama alifanya kile ambacho kila mama Bagira angefanya, akachemsha majani. Kulipokucha hali ilikuwa mbaya zaidi, macho yamekuwa ya njano, wakampeleka hospitali kwa pikipiki ya katekista. Alikaa huko siku chache, Mama analala sakafuni kando ya kitanda chake, sisi tunalala kwa jirani yetu Mama Zawadi. Kisha tukasikia kilio kikipanda kutoka barabara kubwa, na Mama Zawadi akatufungia ndani mimi na mdogo wangu Bahati kabla hakijafika mlangoni. Nilikuwa na umri wa kuelewa. Bahati aliendelea kuchezea kijiko.

Matanga yakaanza. Viti vikatolewa, mikeka ikatandikwa, turubai likafungwa uani, moto ukawashwa kwa kuni mbichi ambazo moshi wake ulituumiza macho hata wale tuliokuwa tumemaliza machozi. Televisheni ilifunikwa kitenge cha Mama, maana nyumba yenye msiba haichezi muziki wala haiangalii picha. Ndugu za Papa waliteremka kutoka Mwenga na lori, wakiongozwa na kaka yake, Papa Mkubwa Mulonda, mtu wa machimbo ya dhahabu, mikono yake mizito, sauti yake ndogo. Nataka niseme ukweli juu ya mtu huyu kwa sababu yatakayofuata yatamfanya aonekane shetani mtupu. Alipofika alijitupa juu ya kitanda cha Papa akalia mpaka wanaume wanne wakamnyanyua. Alilia kweli. Machozi ya kuigiza nayajua, nililelewa na mwigizaji.

Kwetu mjane hawezi kutoka matangani hivi hivi. Kabla msiba haujafungwa, ndugu za mume hukaa upande mmoja, watu wa mke upande mwingine, na mjane, akiwa amekaa chini, hueleza ugonjwa. Huanza siku ya kwanza hadi pumzi ya mwisho: aliumwa wapi, alisema nini, alikula nini, nani alikuja, nani alimpa nini. Wakubwa husikiliza kama mahakimu, na wakiridhika husema, "Tumesikia." Hapo mjane hupumua. Wasiporidhika, nyumba inaondoka, watoto wanaondoka, na jina lake linabaki likinuka. Mama alieleza Jumamosi mchana, na mjomba wangu mmoja tu kutoka Idjwi ndiye aliyekuwa upande wake, maana ziwa lilikuwa limechafuka na wengine walishindwa kuvuka. Alieleza kutetemeka, alieleza pikipiki, sindano, maneno ya daktari. Majani hakuyataja. Hakuficha. Nani hutaja majani? Ni kama kutaja maji. Papa Mkubwa Mulonda aliwatazama wenzake, akasema wamesikia, na kwamba Mama atabaki ndani ya nyumba na sisi watoto wake tusome hapa hapa mjini. Niliona mabega ya Mama yakishuka. Jumatatu asubuhi msiba ungefungwa, na tungebaki.

Ila Jumapili jioni ndiyo ilikuwa siku ya kipande cha kwanza. Kituo kilituma mtu kusema kwamba hawataahirisha, kwamba wanakitoa kwa heshima ya marehemu. Ubishi ukazuka uani. Shangazi zangu walisema ni mwiko, maiti haijapoa kaburini mnataka kuwasha sinema. Mkuu wa shule akasema kila mtu mjini atamwona isipokuwa watu wake, je, hiyo ndiyo heshima? Waligeuziana maneno mpaka wakachoka, na mwishowe mtu akakumbuka kumuuliza mjane.

"Muwashe," Mama alisema. "Nataka nimuone."

Basi kitenge kikaondolewa. Ile harufu ya vumbi ikajaa sebule iliyojaa wanawake wenye vichwa vilivyofungwa, wanaume wakasimama nyuma na mlangoni, na madirisha yakajaa watoto kama zamani. Zilipita ngoma za chama na nyimbo za kumsifu Rais, kama kila jioni, na hakuna aliyezisikiliza. Kisha akatokea Papa. Amevaa pijama, amekaa kitandani, mzima, anajikuna tumbo. Shangazi mmoja alipiga yowe akamwita kwa jina lake la kijijini, na wanawake wakaanza kulia upya. Lakini pale kwenye kioo Papa hakujua kwamba amekufa. Ilikuwa Jumamosi ya salongo, siku ya kazi za lazima za mtaa, na Kasuku alitaka kujifanya mgonjwa ili asiende kufyeka majani barabarani. Akajaribu kikohozi. Hakikumridhisha. Akajaribu kingine, kile cha muuza duka, na mtu mmoja mlangoni akaangua kicheko kabla hajajizuia. Ndipo kila kitu kikalegea. Wakacheka. Waliokuwa wakilia walicheka wakiwa bado wanalia, wakijifuta pua kwa ncha za vitenge, wakishikana, wakiona aibu na kucheka tena. Sijawahi kusikia sauti ile tena maishani, wala sitamani. Mimi nilicheka. Bahati alikwenda akagusa kioo, akamwita Papa atoke.

Mama hakucheka wala hakulia. Alikuwa amekaa karibu kabisa, mkono wake juu ya kichwa changu, na nilihisi vidole vyake vikifuata kila Papa anapogeuka. Kisha akaingia mke wa Kasuku, aliyeigizwa na mwalimu mwenzake Papa, na kikombe mkononi. Akasimama juu ya kichwa cha mgonjwa wa uongo kama askari. Akasema, "Kunywa yote, ata mashapo usiache. Dawa haiko sukari." Sebule nzima ililipuka. Na Mama Zawadi, mwanamke mwema aliyetulaza kwake, aliyetulisha, akapiga makofi akasema kwa mapenzi yote ya moyo wake, "Mama Furaha mwenyewe! Ni yeye huyu, ni yeye kabisa!" Majirani wakaitikia ndiyo, ndivyo anavyosema, kila siku tunamsikia. Furaha ni mimi. Walikuwa wanamfariji. Walifikiri wanampa zawadi, kwamba mumewe alimpenda hadi akamtia ndani ya picha.

Kule kwenye kioo Kasuku alikunywa. Akakunja uso wote, akashika koo, akazunguka chumba, akaanguka chali, akafa. Mkewe akatupa kikombe akaanza kuomboleza, na Kasuku akafumbua jicho moja. Watoto wa madirishani walipiga kelele ya shangwe. Papa akanyanyuka akiwa mzima, anacheka, meno yake yote nje. Mama alinyanyuka naye. Sidhani kama alijua. Alijiinua kwa magoti, mikono mbele, kama unavyompokea mtu anayeshuka kwenye lori, akakaa hivyo mpaka picha ikabadilika.

Ndugu za Mwenga walikuwa wameacha kucheka muda mrefu. Papa Mkubwa Mulonda alipita katikati ya wanawake, akazima televisheni, akageuka. Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote.

"Shemeki, jana ulitueleza ugonjwa. Mambo ya majani hukusema. Ulimupatia majani, ao hukumupatia?"

Mkuu wa shule alijaribu kusema kwamba huu ni mchezo, kwamba ulirekodiwa kiangazi marehemu akiwa na afya yake. Papa Mkubwa Mulonda akamjibu kwa adabu kwamba anajua ni mchezo, hakutoka porini, hajauliza habari za mchezo. Anamuuliza shemeji yake. Mama Zawadi alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Mama angeweza kukana, na nani angethibitisha? Lakini hakuwa amelelewa hivyo.

"Nilimupatia," alisema.

Waliuliza kwa nini basi aliyaficha. Jibu lilikuwa kwamba hakuyaficha, na jibu la namna hiyo halisaidii kitu. Jumatatu msiba ulifungwa vingine. Mimi na Bahati tulipandishwa lori la Mwenga, na Mama akashuka bandarini na kaka yake kuvuka kwenda Idjwi, bila kuruhusiwa kutuaga isipokuwa kwa mbali. Televisheni nayo ilipandishwa, ikasafiri juu ya magunia hadi kijiji kisichokuwa na umeme, na huko ikawa meza ya kuwekea taa. Je, Papa Mkubwa aliamini kwamba Mama alimwua mdogo wake, au aliona mlango wa kuichukua nyumba umefunguka akapita? Nilikaa kwake mpaka nikaolewa na sikuwahi kujua. Alinilipia shule. Hakunipiga hata mara moja. Na mjini, nilisikia baadaye, watu walikipenda sana kile kipande. Sokoni Kadutu wanawake waliambiana "Kunywa yote!" kwa miezi, wakicheka, bila kujua wanamcheka nani. Walipomweka mtu mwingine awe Kasuku, wakasema hafai, yule wa kwanza ndiye alikuwa mwenyewe.

Mama nilimwona tena nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa amezeeka mapema, na nilipokohoa kidogo hakunichemshia kitu, alitoka nje akaniacha, akarudi nilipotulia. Hatukuzungumzia ile jioni. Alikufa mwaka uliofuata, na mimi nilifika kaburi limeshafukiwa.

Leo Bukavu kila mtu ana televisheni mfukoni. Vijana wetu wanatengeneza vichekesho vyao kwa simu, wanajifanya wagonjwa, wanakufa na kufufuka, nami wananionyesha nicheke, na huwa nacheka, maana wengine wana kipaji kweli. Mawakili na mashirika wamefundisha kwamba mjane hafukuzwi nyumbani mwake, na wengi wamesikia. Ila kueleza ugonjwa kumebaki. Mwaka jana mume wangu alipofariki, baada ya kuugua muda mrefu, nilikaa chini mbele ya ndugu zake, watu wazuri, wasomi, ambao hawakunishuku kwa lolote. Walitaka maneno machache tu, kwa desturi. Nikaanza. Nilitaja kila kidonge na rangi yake. Nilitaja kila uji, kila kijiko cha asali, chai ya nani na ilikuwa na majani gani, maji yalitoka bomba lipi. Wifi yangu alinishika mkono akasema, "Maman, inatosha, tumesikia." Sikuweza kunyamaza. Nilikuwa nimeyakusanya tangu homa ya kwanza, na nilipokuwa nikiyasema ndipo nilipoelewa kwamba miezi yote ile nilimuuguza mtu niliyempenda kama anayejiandaa kwa kesi. Waliniuliza jambo moja tu mwishoni, kwa upole, ili nipumzike: alikuwa na uso gani alipoaga dunia? Sikuwa najua. Nilikuwa natazama kikombe.