Winga Aliyelipwa kwa Nafasi ya Kontena

Mjadala ulianza saa saba na robo mchana, Jumapili moja ya Novemba, katika mgahawa wa ghorofa ya pili hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika kusini mwa China, ambako sisi Watanzania hukutana kula wali na maharage. Jumamosi iliyokuwa mbele yetu timu yetu ilikuwa na fainali ya kombe la jumuiya za Waafrika wa mji huu. Winga wetu wa kulia viza yake ilikuwa imekwisha na alikuwa amesharudi nyumbani. Kulikuwa na mchezaji huru mmoja tu wa kuziba pengo hilo.

Huyo alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mfanyabiashara wa viatu vya watoto. Timu yake ilivunjika wenzake wengi walipoondoka China, na kanuni za kombe ziliruhusu asajiliwe hata wiki ya fainali. Hela hakutaka. Alitaka viatu vyake visafiri bure hadi Dar es Salaam ndani ya kontena letu, nafasi ya mita mbili za ujazo. Kutoka Dar angetafuta lori la kwao.

Kontena hilo tulikuwa tunalichangia watu kumi na mmoja, na mpimaji wa mizigo nilikuwa mimi. Kazi hiyo sikuisomea darasani. Nilijifundisha chumbani kwangu kwa futi, kalamu na maboksi matupu, mpaka nikaweza kusema mapema kama mlango utafunga au hautafunga. Nikawaambia limejaa. Tukiingiza mita mbili za mgeni, mita mbili za mmoja wetu zitabaki ghalani.

Mwenyekiti wa timu, ambaye pia anauza vipuri vya pikipiki, alicheka. "Mzee wa Futi, mpira haupimwi hivyo."

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu akaeleza jinsi alivyomwona Mkongo yule akicheza mwaka jana. "Beki wa kushoto wa wapinzani atamtafuta mpaka ubalozini," alisema, na meza nzima ikacheka, hata mimi. Mwingine alihoji umri wake. Mwingine alisema wachezaji huru wana sababu ya kuwa huru. Wakabishana hivyo mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyerudi kwenye hoja yangu, mpaka mwenyekiti alipoijibu mwenyewe.

Tulikuwa na sheria tuliyoitunga zamani baada ya ugomvi: nafasi isipotosha, aliyefika ghalani wa mwisho ndiye mzigo wake unabaki. Sheria hiyo ilikuwa haijawahi kumwacha mtu, kwa sababu vipimo vilikuwa vinatosha. Sasa mwenyekiti alisema viatu vya winga viletwe mapema, halafu sheria ifanye kazi yake. Viwanda vya Kichina, alisema, havikosi kumchelewesha mtu mmoja.

Nilimjua mtu huyo kabla mikono haijanyooshwa kupiga kura. Alikuwa dada mmoja wa Njombe, mjane, mmoja wa sisi kumi na mmoja, ambaye hakuwa mgahawani kwa sababu mpira haumhusu. Alikuwa ameagiza sweta za shule kupitia duka moja la soko la nguo la Shisanhang, kwa fedha ya upatu, nazo zilikuwa bado zinafumwa kiwandani, na alikuwa amewaahidi wazazi wa shule mbili kwamba sweta zitafika kabla ya shule kufunguliwa Januari. Mzigo wake ulikuwa mita mbili na kidogo. Nililisema hilo mezani. Mikono ikanyooshwa, yote isipokuwa wangu.

Nilimpigia simu jioni ile na kumweleza yote. Alisema kiwanda kimeahidi Jumanne, tupakie Jumatano, kwa hiyo hana wasiwasi. Jumanne akakuta mstari wa shingoni umefumwa kwa kijani kisicho cha shule. Angeweza kuzipokea hivyo hivyo. Alizirudisha zirekebishwe.

Jumatano mchana, ghala la Sanyuanli, viatu vilikuwa vimeshaingizwa vya kwanza kabisa, kule ndani mwisho wa kontena. Guta la umeme lenye maboksi yake lilifika tukiwa tumebakiza kupakia maboksi manne ya vipuri. Alishuka, akatazama ndani, akanigeukia.

"Kaka, nafasi yangu iko wapi?"

Nilimwonyesha viatu kule ndani. Akamwendea mwenye ghala kumwomba, naye huyo laoban, yaani bosi, akatikisa mkono akisema *meiyou*, hakuna. Mwenyekiti akamsomea sheria, kwa upole, kama mtu asomaye wosia wa mtu mwingine. Dada alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sishangilii timu yoyote, mwenyekiti," alisema. "Mimi nauza sweta, na baridi ya Njombe haingoji fainali."

Winga alikuwa pale, akisaidia kubeba. Aliuliza kuna nini, nami nikamweleza. Alivua glavu, akamgeukia mwenyekiti.

"Papa, miye niliomba nafasi. Sikuomba nafasi ya mama huyu. Mutoe viatu."

Mwenyekiti alimwambia vikitoka viatu, usajili nao umetoka. Winga akajibu kwamba ni sawa. Lakini kutoa viatu kulitaka kushusha karibu kontena lote. Vibarua walikuwa wameshaitwa kwenye ghala jingine, na dereva wa lori la bandarini alikuwa akipiga honi barabarani. Milango ikafungwa na lakiri ikapigwa. Dada alikuwa ameketi juu ya maboksi yake.

Jumamosi tulishinda tatu kwa moja. Winga alifunga mawili, na hakuja kula nasi baadaye. Mgahawani walibishana kama bao la pili lilikuwa la kuotea.

Sweta zilipanda kontena lililofuata na kufika shule zikiwa zimeshafunguliwa. Wazazi walikuwa wamenunua kwingine, na nembo ya shule ilikuwa imefumwa kifuani, kwa hiyo soko halikuzitaka. Aliziuza kwa bei ya matambara. Machi alinipigia tufanye hesabu pamoja, mstari kwa mstari. Kutoka Lubumbashi winga alikuwa amemtumia laki nne. Kutoka mgahawani hakukuwa na kitu, isipokuwa changu, laki mbili. Baada ya kuondoa hizo zote, hasara yake ilibaki shilingi milioni tatu, laki moja na elfu arobaini.