Krimu ya Muia

Muia alikuwa fundi wa rangi, na ukimwuliza mwenyewe angekuapia kwamba Nairobi, kutoka Kawangware hadi Nyayo Highrise, hakuna nyumba ya maana ambayo burashi yake haijaigusa. Tumsamehe chumvi kidogo. Lililo kweli ni kwamba wenye nyumba walimwamini. Walimwuliza sebule ipakwe nini, naye akawajibu bila kusita. Ila chumba chake mwenyewe pale Kabiro, chumba cha kupanga chenye mlango mmoja na dirisha hakuna, kilikaa na saruji yake chafu miaka nenda miaka rudi.

Kisha Wanza, mkewe, akapiga simu kutoka Kitui. Kitinda mimba wao, Collins, alikuwa ameingia shule ya bweni, na yeye hakuona sababu ya kuendelea kuishi mbali na mumewe. Angekuja kujaribu mpaka mvua zikaribie. Nyumba ikimkataa, atarudi shambani kupanda. Muia alifurahi, halafu akaogopa. Kwa miaka mingi alikuwa mume wa Krismasi na matanga. Alitaka Wanza abaki, alitaka sana, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kulisema hilo, akaamua kupaka chumba rangi.

Hapo ndipo akili ilipomruka. Mtu aliyewachagulia wake za watu rangi alishindwa kumchagulia wake. Bluu aliona italeta baridi. Nyeupe na moshi wa jiko haviwezi kukaa pamoja. Kila jioni akitoka kazini alipaka kipande kipya ukutani, akasimama chini ya balbu, akainamisha kichwa huku na huku kama kuku aliyesikia kitu. Kyalo, seremala wa chumba cha pili, aliitwa kutoa maoni mara nyingi hivi kwamba alianza kupita mlango ule akinyata. Mwishowe walikubaliana: krimu, ile laini ya chai yenye maziwa mengi. Muia alipaka kuta zote, akasimama katikati ya chumba na kujisifu kwa sauti.

Wanza alifika jioni, taa imewaka. Akazungusha macho, akasema pazuri. Usiku huo Muia alilala fofofo.

Kesho yake, akitoka kazini, alimkuta mkewe anautazama ukuta. Alipomdadisi, Wanza alitaka kujua kwa nini, kati ya rangi zote za duniani, mumewe alichagua kijani. Muia alicheka, akidhani anataniwa. Lakini siku ya pili aliulizwa tena, na ya tatu pia, na Wanza hakuwa anacheka. Alisema rangi ile inamtia kichefuchefu, kwamba akikaa humo mchana kutwa anajiona kama mgonjwa. Muia alitazama ukuta, akatazama mkebe, akafikicha macho. Krimu.

Akamwita Kyalo. Kyalo akasema krimu, tena akashangaa kuulizwa. Muia akamwuliza Nduku, anayeuza sukuma wiki kwenye geti la ploti ile ya vyumba vya kupanga. Nduku, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu chake, akasema kila mtu anaona ni kijani. Muia akaendelea kuuliza mlango kwa mlango, na ploti nzima ikagawanyika mara mbili, hawa krimu, wale kijani, kila upande ukiuonea huruma mwingine. Muia akachanganyikiwa kabisa. Aliogopa macho yake yameanza kwisha, na fundi wa rangi asiye na macho anabaki na nini? Huko kazini alijipima kwa mikebe, akiisoma rangi kabla ya kusoma jina lake, na hakukosea hata mmoja. Ndipo wazo baya zaidi likamwingia: pengine Wanza ameshaamua kuondoka, anatafuta kisingizio tu, na Nduku anamsaidia. Hilo lilimuuma kwelikweli.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Jioni moja alipofungua mlango alikuta mkoba wa safari umekaa juu ya kiti, leso zimekunjwa ndani yake.

"Mama Collins, hii rangi ni krimu," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Mimi ni fundi. Kama umenichoka, niambie umenichoka."

Wanza aliusogeza mkoba, akakaa kitini. "Kesho usiende job," akasema. "Kaa hapa na mimi. Uone chenye naona."

Muia alikaa. Kulipopambazuka Wanza alizima taa, akafungua mlango wazi, kama alivyofanya kila siku ili apate mwanga, akammiminia chai. Ng'ambo ya kichochoro, hatua chache tu, Osewe fundi viatu alikuwa anafungua kibanda chake. Kilikuwa cha kijani kikali. Rangi yenyewe alipewa na Muia, mabaki ya kazi ya shule fulani, na tangu ampe, Muia hakuwahi kuiona ikipigwa na jua. Sasa jua lilipanda, likagonga mbao zile, na mwanga wake ukavuka kichochoro ukaingia kwa mlango ule mmoja. Ukuta ukawa kijani. Shuka ikawa kijani. Mkono wa Wanza ulioshika birika ukawa kijani.

Muia aliduwaa na kikombe mkononi. Alikuwa anatoka kabla jua halijachomoza na kurudi balbu ikiwaka. Jumapili ilikuwa ibada, kisha moja kwa moja kwenye vikazi vya watu. Chumba hiki alikilipia na kulala ndani yake miaka yote hiyo, na mchana wake hakuujua. Kyalo naye vivyo hivyo, na wote wa upande wa krimu; wa kijani ni wale walioshinda ploti mchana. Aliona aibu, na kwa kweli alistahili kuiona.

"Hivi ndivyo unakaa kila siku?"

"Kila siku, Baba Collins. Wewe ukirudi, taa imewaka, mimi naonekana mwongo."

Alimwendea Osewe kumwomba abadilishe rangi. Osewe akamjibu kwa adabu kwamba wateja wanamjua kwa kijani kile, na hilo halikuwa na ubishi. Basi Muia akarudi, akaweka mkebe wa krimu kizingitini, akaanza kutia nyekundu kidogo kidogo, ili iue kile kijani, na kukoroga. Kila alipojaribisha ukutani Wanza alisema bado. Muia, ambaye hajawahi kuelekezwa na mtu kuhusu rangi, alikoroga tena. Wanza aliposema hapo sasa ni krimu, alipaka.

Jioni wakawasha taa. Muia nusura aangushe burashi. Chini ya balbu chumba kizima kilikuwa cha waridi, kama ufizi wa mtoto asiye na meno. Akaanza kuosha burashi. Wanza alikuwa anapika huku akiimba wimbo wa kanisani, na mkoba ulikuwa chini ya kitanda, mtupu.

Kyalo alichungulia akitoka kazini. Akatazama ukuta huu na ule, akauliza taratibu hii nayo ni rangi gani.

"Krimu," alisema Muia.

"Boss, hii?"

"Ni krimu. Mama Collins ameiona."